Newcastle, Sheffield, Leicester, Bristol au London? Kuchagua pa kuishi England kwa masikio na kwa macho

Mwanafunzi aliyepata barua mbili au tatu za udahili kutoka England, au muuguzi aliyepewa nafasi katika hospitali za miji miwili, huuliza kwanza sifa za chuo, mshahara, na umbali kutoka London. Ni maswali ya haki. Yapo mawili mengine ambayo husahaulika, nayo ndiyo yanayoamua kama mwaka wa kwanza utakuwa mwepesi au mzito: watu wa huko wanasemaje, na nchi yenyewe imekaaje.

England ni ndogo. Tanzania inaizidi eneo mara saba. Lakini ndani ya udogo huo Kiingereza hubadilika ukikaa ndani ya treni saa moja tu, na wakati mwingine hata nusu saa. Kile tulichofundishwa shuleni, cha redio na cha mitihani ya kusikiliza, kina wenyewe wachache sana hata huko kwao. Kilikua katika tabaka la watu wa kusini mashariki na katika shule za bweni za wenye nazo. Mtu utakayemkuta kwenye kaunta ya benki Newcastle, wodini Barnsley au kituo cha basi Birmingham hasemi hivyo, na hana sababu ya kusema hivyo. Kati ya mwaka 1950 na 1961 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, wakiongozwa na Harold Orton, walizunguka sehemu 313, nyingi zikiwa vijiji, wakiwauliza wazee maswali zaidi ya 1,300: ng'ombe asiye na pembe unamwitaje, mlango wa zizi unauitaje, mtoto akinuna unasemaje. Wazee wale wameshatangulia na maneno yao mengi wameondoka nayo. Lafudhi zimebaki.

Hapa nitazungumzia England peke yake. Scotland na Wales ni nchi zenye historia na lugha zao, na kuziingiza humu kwa aya moja moja ni kuzidhulumu.

Ramani ya kubeba kichwani

Fungua ramani, weka kidole pale mto Exe unapoingia baharini huko Devon, kusini magharibi, kisha vuta mstari hadi pale mto Tees unapoingia baharini kaskazini mashariki. Upande wa juu na magharibi wa mstari huo kuna miamba ya kale na migumu: vilima, mabonde, mvua, kondoo, na chini ya ardhi makaa ya mawe na madini. Upande wa chini na mashariki kuna chokaa laini na udongo wa mfinyanzi: mashamba ya ngano, mito inayokwenda taratibu, mvua kidogo. Viwanda vilifuata makaa na maji yenye nguvu, watu wakafuata viwanda, na miji mikubwa ya kaskazini ikazaliwa hivyo.

Halafu kuna historia. Wavamizi kutoka Denmark waliteka York mwaka 866, na baada ya mapatano kati ya mfalme Alfred na kiongozi wao Guthrum, kaskazini na mashariki vikakaa chini ya sheria za Kideni. Wenyeji wa leo bado wanatamka urithi huo kila siku: miji inaishia kwa *-by* na *-thorpe*, kama Whitby, Selby, Derby na Scunthorpe, kijito ni *beck*, kucheza, kwa wazee wa Yorkshire, ni *laik*.

Mwisho kuna irabu mbili, na hizi zishike sana kwa sababu zitakusaidia tangu siku ya kwanza. Kaskazini, *bus*, *cup* na *love* hutamkwa kwa sauti inayokaribia u yetu ya *kuku*. Kusini husikika karibu na a. Kaskazini *bath* na *grass* zina a fupi, iliyo wazi; kusini a hiyo huvutwa na kuingizwa kooni. Mpaka kati ya tamaduni hizi mbili hukatiza katikati ya nchi, kusini kidogo ya Birmingham, na Mwingereza akimsikia mwenzake akisema *bath* mara moja anajua kwao ni upande gani.

Yorkshire: ninakokupendekeza kwanza

Kiswahili kina irabu tano na kila moja inasimama imara. Kiingereza cha kusini kinapindisha irabu zake: *go* huanza mahali pamoja ikaishia pengine, *face* vilevile. Watu wa Yorkshire, hasa waliokulia Leeds, Barnsley, Sheffield na vijiji vya kando, mara nyingi hawapindishi. *Go* yao ni o ndefu iliyonyooka na *face* yao ni e ndefu iliyonyooka. Sikio la Mswahili linazikuta sauti ambazo tayari linazijua. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuweka Yorkshire mbele, na sijaona mahali popote panapowaeleza jambo hili wanafunzi wetu.

Kuna ugumu wake. Neno *the* hukatwa mpaka likabaki kama kigugumizi kidogo cha koo kabla ya neno linalofuata, kwa hiyo *going to the shop* utaisikia bila *the* kabisa. *Nowt* ni hakuna kitu, *owt* ni kitu chochote, *summat* ni kitu fulani. Muuguzi azingatie zaidi: mzee akisema *I'm badly* anaumwa, akisema *I'm starved* huenda hana njaa hata kidogo bali anaganda kwa baridi, kwa maana ya zamani ya neno hilo. Na *while* kwa wengi wao ni mpaka. Ukiambiwa zamu ni *nine while five*, ni saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

Sheffield lina neno ambalo mtu wa ukanda wetu atalihitaji, *nesh*: mtu asiyeweza kuvumilia baridi. Hutumika pia Nottingham na Derby. Utaitwa hivyo Oktoba, wala si tusi. Na usishtuke dereva wa basi, mwanamume wa makamo, akimwita abiria mwanamume mwenzake *love*, au akimwita *duck*. Ni heshima ya kawaida mtaani, kama sisi tunavyomwita mama mtu asiyetuzaa.

Ardhi ya Yorkshire inastahili safari peke yake. Mabonde yake yamegawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa, zinazopanda kilima na kushuka upande wa pili. Sheffield limekaa juu ya vilima vikali kiasi kwamba kwenda dukani ni mazoezi, na karibu theluthi moja ya eneo la jiji iko ndani ya hifadhi ya Peak District, hifadhi ya kwanza ya taifa Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1951. Hifadhi hiyo ilipiganiwa. Mwaka 1932 vijana wa viwandani kutoka Manchester na Sheffield walipanda kilima cha Kinder Scout kilichokuwa kimefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri. Baadhi yao walifungwa jela. Leo mwanafunzi mwenye nauli ya basi tu anaweza kutembea huko siku nzima bila kuulizwa na mtu.

Sheffield ndiko Harry Brearley alikotengeneza chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, na vijiko na visu vingi katika makabati ya bibi zetu vilikuwa na jina la mji huo mgongoni. Leeds na Bradford zilijengwa kwa sufu. Viwanda vya sufu viliita wafanyakazi kutoka Pakistan baada ya vita vya pili vya dunia, na leo karibu watu watatu kati ya kumi wa Bradford ni Waislamu, kwa hiyo nyama ya halali, misikiti na sambusa za barabarani si vitu vya kutafuta kwa tochi.

Kuhusu chakula chenyewe: *Yorkshire pudding* haina sukari, ni unga, mayai na maziwa yaliyookwa kwenye mafuta ya moto sana, na huliwa na nyama ya ng'ombe na mchuzi mzito. Karibu na Wakefield wanakuza rubabu (*rhubarb*), mmea wenye mabua machachu, ndani ya mabanda yenye giza na kuyavuna kwa mwanga wa mishumaa, kwa sababu mwanga mkali huyaharibu. Nenda Februari ukaone.

Newcastle: moyo mkunjufu, sikio liwe na subira

Newcastle ni kipimo kigumu zaidi cha masikio katika orodha hii. Watu wake, Wageordie, wanapandisha na kushusha sauti kwa namna inayokaribia wimbo, na msamiati wao umehifadhi mambo ya kale kuliko sehemu nyingine. *Gan* ni kwenda, *hyem* ni nyumbani, *bairn* ni mtoto, *divvent* ni usifanye, *howay* ni twende au haya basi, na *canny* inaweza kuwa zuri, pole, au kiasi cha kutosha. *Us* mara nyingi ni mimi mmoja: anayesema *give us it* anataka apewe yeye peke yake. Mwanafunzi mwenye alama za juu kabisa katika mtihani wa Kiingereza anaweza kukaa wiki kadhaa akiitikia kwa kichwa tu.

Hata hivyo watu hawa wanazungumza na mgeni. Katika foleni, ndani ya basi, kwenye benchi la hospitali. Kwa mtu aliyezoea salamu ndefu na kuulizana hali, hilo lina uzito kuliko uzuri wa majengo. Sikio huzoea kwa kuzungumza, na hapa hutakosa wa kuzungumza naye.

Linganisha na Yorkshire kwa mambo ya mwili. Newcastle iko juu zaidi kuelekea ncha ya dunia. Katikati ya Desemba jua huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa tisa na dakika arobaini alasiri. Mchana wote ni saa saba na dakika chache. London wanapata karibu saa nane. Kiangazi mambo hugeuka, Isha ikasogea kuelekea usiku wa manane, na kipindi cha baridi Adhuhuri na Alasiri hufuatana kwa haraka. Upepo wa bahari ya kaskazini hauna huruma. Kama unajijua kwamba giza linakunyong'onyeza, lipe jambo hili uzito kuliko jina la chuo.

Mji wenyewe ni wa kushikika: mto Tyne umepita chini kwenye korongo, madaraja yamepangana juu yake, na treni ya Metro, iliyoanza mwaka 1980, inakufikisha ufukweni Tynemouth bila ya gari. Kodi ya nyumba ni nafuu ukilinganisha na Bristol, sembuse London. Magharibi kuna ukuta wa Hadrian, ulioanza kujengwa na Warumi mwaka 122, kilomita 117 kutoka bahari mpaka bahari. Kusini yake kuna Durham, na kanisa kuu lililoanzwa mwaka 1093. Kaskazini ni Northumberland, ukimya na vilima na ngome za pwani, mojawapo ya sehemu za England zenye watu wachache zaidi.

Onyo moja. Sunderland iko karibu kabisa, na kumwita mtu wa Sunderland Mgeordie ni kama kumvisha mwana Yanga jezi ya Simba. Wao ni Wamackem, na tofauti hiyo wanaijua katika matamshi, katika mpira, na katika historia yao ya kujenga meli.

Liverpool na Manchester

Miji hii iko kilomita 50 hivi mmoja kutoka mwingine, na iliunganishwa kwa reli mwaka 1830, reli ya kwanza duniani kuendesha treni za abiria kati ya miji miwili kwa injini za mvuke. Karibu miaka 200 ya kupandiana treni haijachanganya lafudhi zao. Liverpool ilipokea Waairishi wengi mno wakati wa njaa ya miaka ya 1840, pamoja na watu wa Wales na mabaharia wa kila bandari. Katika lafudhi iliyotokana na mchanganyiko huo, k ya mwisho wa neno imelainika ikawa kh. *Book* kwa Mliverpool husikika *bukh*. Anayetamka vizuri kheri na khatibu ataitambua haraka kuliko mtu wa London. Manchester hawana kh hiyo. Lafudhi yao ni nzito, imelala, na kwa mgeni ni rahisi zaidi.

Liverpool ilitajirika kwa biashara ya watumwa kuvuka Atlantiki, na jiji lenyewe halifichi: Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa yalifunguliwa kwenye gati zake mwaka 2007. Yalifungwa kwa ukarabati mwanzoni mwa mwaka 2025; yakifunguliwa tena, kila Mwafrika aendaye kuishi kaskazini magharibi ayatembelee mapema, kabla ya Manchester, ili akiiona pamba iliyojenga Manchester ajue ililimwa na nani. Liverpool pia ndiko wakili Abdullah Quilliam, Mwingereza aliyesilimu, alikoanzisha msikiti mwishoni mwa miaka ya 1880.

Juu ya miji hii kuna Lake District, yenye kilele kirefu kuliko vyote England, Scafell Pike, mita 978. Kwetu hiyo ni kilima. Lakini kijiji cha Seathwaite kilicho chini yake hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na wachungaji wa huko walihesabu kondoo kwa *yan, tan, tethera, methera, pimp*, hesabu ambazo ni jamaa za Kiwelshi, lugha iliyokuwako kabla Kiingereza hakijafika. Anayependa milima na asiyechoka na mvua aishi Manchester au Lancaster. Asiyependa mvua asiende.

Birmingham na Leicester: palipo na watu wetu

Lafudhi ya Birmingham imekuwa ikiwekwa mwisho katika kura za lafudhi zinazopendeza Uingereza, na watu wake wamedharauliwa kwa sababu hiyo katika usaili wa kazi na katika vichekesho vya televisheni. Sioni haki yake. Hakuna kitu ndani ya sauti yenyewe kinachoifanya mbaya. Ni dharau kwa wafanyakazi wa viwandani iliyovikwa nguo ya ladha. Mgeni asiyejua dharau hiyo huisikia kama lafudhi ya upole inayoshuka mwisho wa sentensi, na anayekuita *bab* anakutakia mema. Jirani zao wa Black Country wanahifadhi sarufi ya kale: *yow am* kwa wewe ni, *I ay* kwa mimi si.

Ardhi hapa haina maajabu. Ni tambarare na vilima vidogo, barabara kuu, na mifereji mingi iliyochimbwa kubeba makaa na chuma, ambayo sasa ni njia nzuri za kutembea jioni. Kinachobeba eneo hili ni watu.

Leicester hasa. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la *Uganda Argus* likiwasihi wasije, kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikuja. Pamoja na wenzao waliotangulia kutoka Kenya na Tanganyika waliufufua mji huo, na mtaa wa Belgrave Road leo ni wa sari, dhahabu na peremende. Wengi wa kizazi hicho walikuja na Kiswahili chao cha dukani na cha shuleni, na ukienda kwenye maduka ya huko utakuta muhogo umeandikwa *mogo*, umekaangwa kwa pilipili na ndimu kama ule wa ufukweni kwetu. Mzee wa duka ukimwamkia shikamoo, usishangae akaitikia marahaba. Kwa anayeogopa upweke zaidi ya anavyopenda mandhari, ningemwambia Leicester kabla ya London.

Jambo dogo la vitendo, maana utanunua mkate kila siku. Skonzi haina jina moja England. Nottingham na Leicester ni *cob*, Coventry ni *batch*, Manchester ni *barm*, sehemu za West Yorkshire ni *teacake* hata kama haina zabibu, Newcastle wana yao pana na nzito, *stottie*, na kusini wengi husema *roll*. Ukikosea utapewa tu, lakini watajua umetoka mji gani.

Magharibi au mashariki: Bristol dhidi ya Norwich

Hizi mbili zinafaa kuwekwa bega kwa bega kwa sababu zina karibu kila kitu kinyume.

Bristol na magharibi yote hutamka r. Waingereza wengi hula r ya *car* na *farm*. Mtu wa Bristol, Somerset au Devon huiacha isikike waziwazi, na kwa hiyo maneno yanasikika karibu na yanavyoandikwa. Kwa anayesoma Kiingereza vizuri kuliko anavyokisikia, hii ni nafuu kubwa. Wazee wa Bristol huongeza l mwishoni mwa maneno yanayoishia kwa a, *idea* ikawa *ideal*, na mji wenyewe ulipata l yake kwa njia hiyohiyo, kutoka jina la kale lililomaanisha mahali penye daraja. *Where's that to?* ni iko wapi.

Norwich r haipo, na sentensi huanguka kwa mdundo wake. Lakini sikiliza sarufi: *he go*, *she say*, *that rain*. Kile ambacho mwalimu wetu wa darasa la sita alikizungushia wino mwekundu ni sarufi ya babu na bibi wa Norfolk, mkoa ulimo mji wa Norwich, imara na yenye kanuni. Peter Trudgill, mwanaisimu mzaliwa wa Norwich, amependekeza kwamba chanzo chake ni wafumaji Wadachi na Waflemi waliokaribishwa mjini kuanzia mwaka 1565, wakawa sehemu kubwa ya wakazi, na wote wakajifunza Kiingereza ukubwani kama sisi. Nadharia hiyo naipenda, kwa sababu inaonyesha lugha ikipokea alama ya wageni na kuishi nayo bila kufa.

Bristol ni vilima, korongo la mto Avon na daraja la kuning'inia la Clifton la mwaka 1864. Ni mji wa mabishano pia. Mwaka 1963 Paul Stephenson na vijana wa Karibi waligomea mabasi ya mji kwa sababu ya kukataa kuajiri makondakta weusi, wakashinda, na mgomo wao ulisaidia kuandaa njia ya sheria ya mwaka 1965 dhidi ya ubaguzi. Juni 2020 sanamu ya mfanyabiashara wa watumwa Edward Colston iliangushwa na kutumbukizwa bandarini. Mtu mweusi atakuta historia yake imesemwa hadharani. Atakuta pia kodi za nyumba zilizo miongoni mwa za juu kabisa nje ya London. Ukiendelea magharibi kuna Dartmoor na farasi wake wadogo wanaojichungia, halafu Cornwall, yenye lugha yake ya Kikelti iliyokufa ikafufuliwa, machimbo ya bati, na neno *dreckly*, ambalo ni baadaye isiyo na tarehe. Ni pazuri mno, na kwa kazi na usafiri ni mbali mno.

Norfolk ni bapa. Mbingu inachukua nafasi yote. Mvua ni milimita 600 hadi 700 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na ukilinganisha na Seathwaite utadhani ni nchi nyingine. Maziwa yake, yaitwayo Broads, yalidhaniwa kuwa ya asili mpaka miaka ya 1950, Joyce Lambert alipothibitisha kwamba ni mashimo ya watu wa kale waliochimba mboji ya kuchoma, kisha maji yakaingia. Kusini magharibi ni Fens, vinamasi vilivyokaushwa, ambako ardhi imeshuka hadi karibu mita 3 chini ya usawa wa bahari. Norwich ni tulivu, ni nafuu kuliko Bristol, baiskeli inatosha. Jamii ya Waswahili utaihesabu kwa vidole. Watu wa huko hawana haraka ya kukuzoea, ila wakikuzoea wamekuzoea.

London

London sitaipinga. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianzia huko mwaka 1957, chuo cha SOAS kinafundisha Kiswahili, na utapata unga wa ugali, kanisa la lugha yako na msikiti wa karibu. Hakuna atakayegeuka kwa sababu ya lafudhi yako, maana zaidi ya theluthi ya wakazi wamezaliwa nje ya nchi. Vijana wanazungumza Kiingereza kipya kilichochanganya Karibi, Afrika Magharibi, Asia Kusini na mitaa ya zamani ya mashariki mwa jiji. *Th* yao huwa *f* au *d*, na t ya katikati humezwa.

Bei ndiyo kizuizi. Serikali yenyewe humtaka mwombaji wa viza ya mwanafunzi atakayesoma London aonyeshe fedha nyingi zaidi za kujikimu kwa kila mwezi kuliko wa mikoani. Wengi huishia kukaa mbali, saa nzima au zaidi ya treni kila upande, wakafanya kazi za usiku kufidia kodi, na masomo yakalipa gharama. Nenda London kama una ndugu wa kukupokea nyumbani kwake, au fani yako iko huko tu.

Kwa hiyo, wewe nani uende wapi

Muuguzi atakayekaa na wazee wodini: Sheffield au Leeds, kwa sababu ya irabu zilizonyooka na watu wasiochoka kurudia. Anayesafiri peke yake na anapenda kuzungumza: Newcastle, na anunue koti zito siku ya kwanza. Mwenye watoto, au anayejua upweke utamwangusha: Leicester, kisha Birmingham. Mwanafunzi wa historia au siasa mwenye ufadhili wa kutosha: Bristol. Mwandishi wa tasnifu anayetaka utulivu na ukavu: Norwich. Mpenda milima: Manchester au Lancaster.

Kabla ya kujibu barua yoyote, fanya jaribio hili. Tafuta mtandaoni video za mashabiki wa mpira wa mji huo wakihojiwa nje ya uwanja baada ya mechi. Pale hakuna anayepamba lugha yake kwa ajili ya kamera. Sikiliza dakika kumi za Newcastle, kumi za Sheffield, kumi za Birmingham, kumi za Bristol, bila maandishi chini. Kisha piga simu ofisi ya makazi ya chuo, usiandike barua pepe, uulize bei ya chumba na kama joto limo ndani ya kodi. Andika ulichoelewa upande mmoja wa karatasi, na bei upande wa pili, uione miji yote pamoja.